Lenzi Iliyokwama

"Hakuna lenzi," kamera yangu mpya iliandika kwenye skrini, na lenzi ya marehemu baba nimeifunga mimi mwenyewe, kwa pete ya kuunganishia.

"Ghali hivyo, kumbe kipofu," mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake dirishani, akiweka mtandio vizuri.

Nikabadilisha mipangilio, kamera ikakubali. Uso wa mama ukaja ukungu mtupu. Nikashika pete ya kulenga ya lenzi niizungushe kuondoa ukungu, haikwenda. Grisi ilishakauka tangu baba aiweke lenzi chini mara ya mwisho. Nikakazana hadi vidole vikauma, wapi.

Basi nikaanza kurudi nyuma mimi, polepole, macho kwenye skrini. Nikapita meza. Ukungu ukapungua. Mgongo wangu ukagusa mlango, na hapo kope za mama zikajitokeza moja moja, hadi kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu.

Nikabana pumzi.

Mama alikuwa ameshainua kidevu, bila kuambiwa.

"Hapo hapo," alisema taratibu. "Baba yako naye alikuwa akiegemea mlango akinipiga picha."