Mapigo Matatu

Bibiche aliiweka ngoma juu ya meza ya mkurugenzi, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayeogopa kuumwa.

"Sitaipiga tena, Papa Grégoire."

Mkurugenzi alitabasamu. Shule yao ya watoto viziwi, hapo Keshero, ilikuwa imefunguliwa tena asubuhi hiyo, baada ya vita kupita mjini. Walimu wengi aliwaona wakikata tamaa mwaka wa kwanza.

"Mwaka haujaisha, mwalimu, umeshachoka? Batoto habaitike?"

"Banaitika bote."

"Hata Kahindo?"

"Kahindo ndiye wa kwanza."

Hilo ndilo Bibiche alilokuwa akiliombea tangu mwezi wa tisa. Watoto wake kumi na mmoja hawakusikia kengele, wala hawakugeuka alipoita. Kila saa ya kutoka ilipowadia, aliwavuta mkono mmoja mmoja. Alikuwa akijifungia chooni na kulia. Alisali novena mbili. Kisha akaazima ngoma kubwa ya kwaya, akaisimamisha kwenye sakafu ya mbao ya darasa, akapiga mara tatu kwa nguvu zote. Mbao zikatetemeka chini ya nyayo zao.

Aliwafundisha sheria moja tu: chini pakitetemeka, acha kila kitu, kimbia uani, simama kwenye mstari.

Kahindo, wa miaka saba, alichelewa kuelewa kuliko wote. Miezi mitatu alibaki amekaa, akimtazama mwalimu bila kusogea. Wiki moja kabla ya Noeli, mbao zilipotetemeka, aliruka, akawapita wenzake mlangoni, akasimama mbele kabisa, mikono kifuani, akicheka. Bibiche alipiga magoti palepale kwenye mawe ya uani, akamshukuru Mungu.

"Sasa shida ni nini?" mkurugenzi aliuliza. "Mungu alikujibu."

"Jana nilienda Katoyi, kwa mama yake Kahindo." Bibiche hakuiangalia ngoma. "Nyumba yao ni ya mbao, Papa. Siku ile ya mabomu walilala wote chini ya kitanda, mama amemukumbatia. Nyumba ikatetemeka mara tatu. Kahindo akamuponyoka mama yake, akicheka, akakimbia uani.

"Bomu la nne lilimukuta amesimama wima, mikono kifuani, anangoja wenzake."