Mpole wa Behewa la Tatu

Swali la kwanza la yule mwanamume halikuwa "unaumia wapi?" Lilikuwa "jina lako nani, dada?"

Fundi cherehani alimtajia lake na la baba yake. Angemtajia hata ukoo mzima. Tangu treni iache reli na behewa la tatu kulala ubavu, huyu ndiye binadamu wa kwanza kumsemesha. Alikuwa ameshukia dirishani, ambalo sasa lilikuwa juu kama tundu la paa, na alivaa kofia ngumu ya njano na koti lenye mistari ya kung'aa, kama waokoaji wote.

Mguu wa fundi ulikuwa chini ya chuma cha benchi. Benchi jingine lilimkalia kifuani. Akijaribu kuita, sauti ilitoka kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nje misumeno ilikuwa inakata mabehewa ya mbele, na kelele zake zilimeza kila kitu.

"Usijichoshe," mwanamume alimwambia, akachuchumaa karibu kabisa. "Mimi nakusikia. Inatosha."

Mtu akikuita dada kwa sauti ya upole, na wewe umebanwa, moyo unalegea wenyewe. Kimoyomoyo fundi akambatiza jina: Mpole.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama yangu na binti yangu. Yuko darasa la kwanza."

"Mume?"

"Huyo alishaenda zake. Usimhesabu."

Mpole akacheka kidogo. "Kwa hiyo mtoto anakutegemea wewe tu."

"Mimi na cherehani yangu."

"Mimi nasimamia watu wapate fidia yao ya reli," Mpole alisema. "Leo sidai kitu. Nachukua fungu langu mwishoni, haki ikishapatikana."

"Kaka, fidia baadaye. Nitoe kwanza."

"Wanakuja, wanakuja. Wanakwenda behewa kwa behewa. Mguu unausikia?"

"Unauma kama nini!"

"Vizuri," alisema, ingawa uso haukufanana na neno lenyewe. Alimulika tochi ya simu pale chini, akatazama kwa muda. "Haujakatika. Umevunjika tu."

"Si afadhali?"

"Kwako afadhali." Alishusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na kazi yake. "Ila mguu unasumbua, dada. Daktari wa reli anasema hivi, wetu anasema vile. Watauliza kama hukuwa unachechemea tangu utotoni. Nina watu wa ajali ya mwaka juzi, mpaka leo wanapanda ngazi za ofisi kwa magongo."

Abiria waliojiweza walishapanda madirishani wakatoka. Kando yao alibaki mzee mmoja tu, aliyekuwa akimtania fundi njia nzima kwamba anakoroma kuliko injini. Sasa mzee alikuwa hapumui. Fundi alijitahidi asimtazame.

"Na huyu baba? Watoto wake watapata?"

"Wangepata mapema sana. Kwa marehemu reli haibishani." Mpole alikuwa ameshapekua mifuko ya mzee yote, hata ya ndani. "Lakini hana kitambulisho, hana simu, hana chochote. Hatujui hata ni wa nani. Hasara tupu."

Fundi aliona huyu kweli ni mtu wa huruma, anasikitikia hata wasio wake.

"Kitambulisho chako wewe kiko wapi?"

Akamwonyesha mkoba kwa macho. Mpole akauchomoa taratibu, akatoa kitambulisho, akakipangusa vumbi, akakitia mfukoni mwake. Hapo moyo wa fundi ulishtuka. Akajituliza mwenyewe: vurugu zote hizi, si kingepotea bure? Acha akitunze mwenye mikono miwili.

Mpole akatoa na simu. "Namba ya mama?"

"Ya juu kabisa. Nimeandika Mama." Fundi akatabasamu kwa shida. "Mwambie polepole, kaka. Huyo ukimwambia nimevunjika mguu, atafika hapa mbio kabla ya gari lenu la wagonjwa."

"Nitamwambia polepole."

Misumeno ikanyamaza. Viatu vizito vikaanza kutembea juu ya ubavu wa behewa, na kila hatua ilimwaga vumbi. Wamefika! Fundi akajikuta analia. Anatoka. Jioni hii hii atamshika binti yake, amnuse kichwani, amgombeze kwa lolote, hata kama hana kosa.

Simu ikapokelewa. "Haloo? Mwanangu! Uko wapi? Tumesikia treni..."

"Mama, huyu si mwanao," Mpole alisema, polepole kama alivyoahidi. "Pole sana, mama yangu. Nimekaa naye mpaka pumzi ya mwisho. Kitambulisho chake ninacho, nakuletea kwa mkono wangu. Tutampigania huyu mtoto apate haki yake yote. Wakija watu wengine wa fidia, usiwafungulie mlango."

Kilio cha mama kikajaa behewa zima. Chini yake kulikuwa na sauti ndogo inayosema niko hapa, mama, niko hapa, lakini haikufika hata kwenye simu. Mpole akakata. Akaokota shuka la abiria mmoja, akalikung'uta, akamfunika fundi uso taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri kwao.

Dirishani juu kukatokea kichwa chenye kofia ya njano. "Kuna mzima humo?"

"Wawili, wote marehemu," Mpole alijibu. "Nendeni behewa linalofuata, msipoteze muda."