Kidirisha Ukutani

Michoro ya nyumba sita zilizoungana, aliyoichora Mzee Shebuge, ilikuwa tayari kwenda kwa mafundi. Ilisubiri saini ya mhandisi tu, Bi Tausi, naye alikataa.

"Mzee Shebuge, ukuta wa kutenganisha nyumba na nyumba hauwekwi tundu. Moto ukizuka huku, unavuka kule."

"Ni kidirisha tu, mwanangu. Cha jirani kumwita jirani."

"Kifute, mzee wangu. Sitaki watu waungue kwa saini yangu."

Shebuge aliutazama mchoro. Mkewe alipoanguka jikoni akiwa peke yake nyumbani, aliita mchana kutwa hadi sauti ikamkauka, na jirani wa upande wa pili wa ukuta hakusikia kitu. Siku ya tatu walimzika. Lakini Tausi alisema kweli.

Akachukua wembe, akakwangua wino wa kila kidirisha kwenye karatasi taratibu, ukuta baada ya ukuta. Tausi akasaini, kisha akamshika bega.

Nakala zilipofika kiwanjani, fundi mkuu alizitandaza juu ya matofali mbele ya Shebuge. Katika kila ukuta palikuwa na alama hafifu, pale wembe ulipopita.

"Mzee, hapa panakaa nini?"

Shebuge akainama, akaigonga alama ile kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.