Majani Ndani ya Kibanio

Boke alikuwa ameshika kalamu, fomu ya chuo cha mifugo iko mapajani, baba yake alipoomba kwanza aonyeshwe mahali wanafunzi wanapojifunzia kuhudumia ng'ombe.

"Tata, si tumeshaona kompyuta na mabweni?" Boke alimnong'oneza baba yake. Moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye vile vigae vyeupe vya mabwenini.

Mzee, mfugaji wa kijijini Susuni tangu ujana, alikuwa ameshainuka. Vigae havikumhusu.

Mwalimu wa udahili aliwapeleka nyuma ya madarasa, kwenye kibanio, ule uchochoro wa mabomba ambamo ng'ombe hubanwa achomwe sindano. Kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, kinang'aa.

"Wanafunzi wanakitumia kila wiki, mzee," mwalimu alisema.

Mzee aliinama, akapenyeza mkono katikati ya mabomba. Ndani majani yalikuwa yameota, mabichi, marefu kufika gotini, hayajawahi kukanyagwa na ng'ombe. Aling'oa machache, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akamkabidhi binti yake.

Boke aliyatazama majani. Akaitazama fomu.

"Samahani, mwalimu," alisema huku akiifunika kalamu, "ng'ombe wenu huwa hawali majani?"