Mstari wa Kwanza

Punje tatu za mahindi zilidondoka kutoka mkono wa kulia wa mama mkwe wake, naye hakutambua. Pamela aliziona.

“Mama, mkono una nini?”

“Unachomachoma tu tangu alfajiri. Na mdomo, upande huu huu. Umelala kama baba yenu siku ya kulima.”

Pamela hakucheka. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji hapo Karungu, na alijua kwamba ganzi inayoshika upande mmoja ghafla haingojwi hata kwa kikombe cha chai. Alitoa simu amwite mtu wa bodaboda.

“Kwanza nipande,” mama alisema. “Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nisipotangulia, hakuna atakayepanda katika boma hili, na mvua ndiyo hii. Mstari mmoja tu, nyathina, mwanangu.”

Kando ya shamba wake wenza walisimama na majembe, wakimngoja. Mstari ulikuwa hatua thelathini. Dakika kumi, Pamela alijiambia, akairudisha simu mfukoni.

Mama alihamishia mbegu mkono wa kushoto. Alifukia kila shimo kwa kisigino, hakuruka hata moja. Kwenye shimo la mwisho aliinama, akabaki ameinama.

“Basi mama, twende.”

Mama alimgeukia, akasema jambo refu kwa utulivu, kama mtu anayeacha maagizo. Zilikuwa sauti tupu, bila neno hata moja ndani yake.

Nyuma yao, wanawake waliingia shambani wakaanza kupanda.