Sindano Dukani kwa Fundi

Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, na hapo fundi cherehani akajua mwili wake unazimika. Jasho baridi lilimtoka. Chai ya asubuhi alikuwa ameshaitapika kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa.

"Mama, kwenye kichupa changu cha dawa umeweka nini?"

Mama mkwe aliendelea kushona vifungo. "Vitamini. Uvimbe wa kichwani walishautoa, mionzi ikamalizia. Mtu amepona, dawa za nini tena? Unajidekeza tu."

"Uvimbe ulitoka, mama, lakini tezi ya humo kichwani nayo ikafa. Homoni zake nazipata kwenye vile vidonge."

"Maneno ya madaktari hayo."

Nguvu za kubishana hakuwa nazo, ila ukaidi alikuwa nao tele. Kila gauni alilojishonea lilikuwa na mfuko wa ndani, na humo hakukosa sindano yake ya dharura, yenye homoni zile zile. Akaitoa. Akapandisha gauni mpaka pajani, mlango wa duka ukiwa wazi, wateja wakikodoa macho.

Sindano ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa mama mkwe.

"Iokote. Unichome hapa."

"Mimi? Sithubutu!"

"Kunibadilishia dawa ulithubutu. Sifi kwa vitamini mimi! Nichome, au chukua mkasi uanze kunikatia sanda."

Mama mkwe akainama, akaiokota.

Akavaa miwani.