Mume wa Kwenye Kitabu

Mwalimu Valentino alitema mate mchangani, akafuta machozi kwa kiganja, kisha akatema tena.

"Mwanaume gani huyu!" alifoka peke yake barazani.

Kitabu alikikuta juu ya kabati, hakuuliza kimetoka wapi wala kimeandikwa na nani. Tangu astaafu hapa Kimamba hakuwahi kulia, hata kwenye msiba wa kaka yake. Leo riwaya ya kurasa mia na ushee ilikuwa imemliza.

Ilimhusu mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watu, lakini asiye na wa kusema naye, hata akafika mahali pa kujiuliza yeye ni nani hasa. Mwalimu alimhurumia mno. Mumewe ndiye aliyemtia kinyaa: mtu wa kula, kujifuta mdomo na kwenda zake. Mwalimu alitaka jambo moja tu. Kabla kitabu hakijaisha, lile dume limuulize mkewe, japo mara moja, anawaza nini.

Mke wa Mwalimu alimwekea ugali na mlenda, kisha akaja na birika la maji. Mwalimu alinyoosha mikono ikamwagiwa, macho yakiwa kitabuni.

"Umefika wapi?" mkewe aliuliza.

"Mke ana malaria siku ya tatu, na mshenzi huyu anauliza nani atasonga ugali! Nasikia kichefuchefu, Mama Makarius. Watu kama hawa wapo kweli?"

"Labda wapo."

"Si huku kwetu." Alichovya tonge, akalionja. "Na huu mlenda mbona hauna chumvi?"

Alimletea chumvi, lakini hakuondoka. "Unadhani atamuuliza, Baba Makarius?"

"Zimebaki kurasa mbili. Asipomuuliza, nakitupa chooni."

Alizisoma huku mlenda ukipoa. Mume hakuuliza. Mwalimu alikifunga kitabu kwa kishindo, akamlaani mtu yule hadi kizazi cha saba.

Mara hodi ikapigwa. Walikuwa mabinti wawili, wamevaa vizuri, vumbi la bodaboda limewajaa miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Tumetoka Kilosa mjini, tuna kikundi cha wasomaji. Tumeelekezwa hapa kwa mwandishi wa hicho kitabu ulichoshika. Bibi Monica."

"Mmepotea, wanangu," alisema Mwalimu, akipenga kamasi. "Nyumba hii tuko wawili tu, mimi na Mama Makarius."

Mkewe alimpita, akiwa ameshanyoosha mikono kuwapokea wageni.

"Karibuni, wanangu. Monica ndiye mimi."